Nyuki Kwenye Kitasa

Baba Watoto,

Huku hatujambo, ila mtaa mzima umeshikwa na wazimu wa nyuki. Tumetoboa magogo, tukayapaka rangi za kila namna, tukayatundika ukutani yawe nyumba za nyuki wadogo wa hapahapa, wale wanaoishi mmojammoja bila mzinga. Nyuki wamenusa rangi mbichi, wakapita zao. Mmoja kaingia kwenye tundu la kitasa chetu, kataga, kaziba kwa udongo.

Rafiki yako seremala kacheka: "Shemeji, ng'oa hicho, utaibiwa!"

"Waibe nini, shemeji? Cha maana kilishakwenda kutafuta kazi."

Sijaking'oa. Barua zangu hujazijibu, na ufunguo ulioondoka nao hautaingia tena. Lakini mlango siku hizi haufungwi. Ukija, usibishe hodi, sukuma tu.

Mkeo, bado