Nimempaka Minato Rangi za Kaka

Pabitra uko wapi? Nimempaka Minato rangi za kaka. Nimempaka kwa mkono huu huu!

Jana tu, tukipepeta ulezi, huyu Minato, mgeni wetu wa chumba cha juu, aliniambia, "Sikukuu ikiisha kesho, nitamwomba baba yako nikuoe." Leo nilikuwa nawapaka kaka zangu zile rangi saba za sikukuu, ambazo dada humpaka kaka yake kwenye paji la uso, na yeye akaja akaketi nao mkekani. "Na mimi nipake, Junu, zinapendeza!"

Nikamtazama Mama aniokoe.

Mama akacheka. "Mpake, mwanangu, dada zake wako mbali Japani. Au una sababu?"

Au una sababu! Mbele ya mashangazi wote, Pabitra.

Nikampaka. Nikamvisha shada la maua. Mama akamlisha kitumbua, akasema, "Haya, umepata dada wa maisha." Na yeye akafurahi! Akarudia, "Dada wa maisha!"

Hajui, Pabitra. Hajui kwamba hapa ukishapakwa ndiyo basi, kaka haoi dada.

Sasa hivi amechana nywele, shada bado liko shingoni, amekaa mlangoni anamngoja Baba.