Gari la Baba Linabanduka

Jumatatu, 2 Desemba 1996

Shule imekwisha na bado naamka saa kumi na moja. Naamkia nini? Kupanga sufuria za Baba mbele ya duka, Mtaa wa Sikukuu, na kusikiliza watu wakimcheka.

Leo tena. Corolla lake limeegeshwa palepale. Ile ngozi ya juu inayong'aa imebanduka kwenye boneti, paa na buti, vipande vipande, kama mtu aliyeungua. Chini yake bluu imepauka, mabaka mabaka. Muuza mitumba akapaza sauti: Mzee Kasmir, gari lako nalo linapaka mkorogo? Mtaa mzima ukacheka. Celina, mke wa Baba, alikuwa mlangoni. Akaingia ndani haraka — yeye anapaka kweli! Uso mweupe, vidole vyeusi. Namwita Mama mdogo kwa mdomo tu. Nilicheka moyoni. Mungu anisamehe, lakini si leo.

Wakati wa chakula Baba akatangaza: Krismasi hii haendi kwao Kibosho. Ataingiaje nyumbani na gari lenye ukurutu, na mdogo wake Filbert amenunua Mark II?

Haendi. Basi na mimi siendi. Na Mama yangu yuko kule. Walipoachana nilikuwa kidato cha pili. Krismasi mbili sijamwona. Baba anajua. Alikuwa anachambua samaki, hakuinua macho.

Jumatano, 4 Desemba

Nimeenda Gerezani, mtaa wa mafundi magari, peke yangu. Nilipita mbele ya gereji mara tatu kabla ya kuingia. Shikamoo yangu nusura isisikike. Fundi Mbaruku akasema: Marahaba, binti. Umemaliza kuyahesabu magari yangu?

Nikamweleza. Akasema ile ngozi inaitwa klia. Jua limeiua, haibandikwi tena — anayekuuzia gundi ni mwizi. Kupaka gari zima ni laki tatu. Lakini ipo njia ya wasio nacho: bandua yote iliyolegea, sugua kingo kwa msasa na maji mpaka kucha ikipita isikwame, halafu yeye anapuliza klia mpya juu, boneti, paa na buti tu. Nikisugua mwenyewe, elfu ishirini na tano. Nikauliza kama litakuwa jipya. Akasema: Hapana. Litakuwa na adabu.

Baba alikataa. Halafu akakubali. Likipendeza, tunaenda. Nikiliharibu, nitajua mwenyewe.

Celina: Kumbe kidato cha nne chote kile ni ili awe fundi rangi!

Jumamosi, 7 Desemba

Nimesugua siku tatu. Ncha za vidole zimeota malengelenge. Machinga hawachoki: Dada, ukimaliza hapo njoo unisugue na mimi mgongo! Nilitaka ardhi inimeze. Sikuinua kichwa. Nawachukia wote, hata yule aliyeniletea maji.

Jioni Mbaruku alipita kukagua. Akapitisha kucha. Haikukwama! Kucha haikukwama popote. Gari lina rangi ya chaki sasa, baya kuliko mwanzo, lakini laini. Akasema nilipeleke Jumanne na kabla ya hapo lisiguswe na chochote, hata mkono wenye mafuta.

Nikamwambia Baba. Nikarudia. Mimi huwa sirudii maneno.

Jumapili, 8 Desemba

Nilienda misa ya kwanza kwa miguu. Wao misa ya pili, kwa gari. Limerudi linang'aa! Nikadhani wamepata manyunyu njiani. Celina kachangamka: leo hata Padre kalisifia.

Jumanne, 10 Desemba

Naandika haraka, mwandiko utasomeka vibaya. Sawa tu. Nani atasoma?

Mbaruku aliliosha kwa sabuni, akalikausha, akapuliza. Kwa dakika kumi lilikuwa zuri ajabu. Niliona uso wangu kwenye boneti. Halafu vitundu. Vidogo, vya mviringo, kama macho ya dagaa — kumi, hamsini, paa zima! Klia ilikuwa inaikimbia rangi. Mbaruku akaweka chini bomba lake, akainama, akanusa kwenye ukingo wa buti. Akaniuliza: Binti, nani kapaka dizeli?

Nilijua palepale: ule mng'ao wa Jumapili. Waosha magari hufanya hivyo, wanafuta gari lililopauka kwa dizeli ling'ae siku moja. Sabuni haitoshi kuitoa, imeshaingia kwenye mikwaruzo ya msasa. Mikwaruzo yangu! Sasa ni kukwangua yote na kununua klia nyingine.

Baba aliliona akasema, mbele ya wateja: Nilijua ataliharibu. Nikafunga sufuria za mama mmoja kwa kamba, fundo juu ya fundo. Mjinga mimi!

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekuta kitambaa ndani ya buti, chini ya tairi la akiba. Kinanuka dizeli. Ni kipande cha kitenge cha zamani cha Celina.

Nilikiweka mezani, kati ya ugali na mchicha. Nikasema: Baba, ni wewe. Jumapili.

Celina akaruka: Huyu si alikuwa bubu? Baba hakukana. Akasema alitaka kwenda kanisani kama mtu, mara moja tu. Kidogo nimwonee huruma. Kidogo! Kisha akasema: Wewe mama yako utamwona kwenye picha.

Jumatano, 18 Desemba

Baba mdogo Filbert kapita dukani. Anaondoka Jumamosi na familia yake, kiti kimoja kipo. Baba: Mtoto wangu hapandi gari la watu wakati baba yake ana gari.

Gari gani?

Jumamosi, 21 Desemba

Naandika nikiwa ndani ya Mark II.

Baba mdogo alikuja kuaga alfajiri, mke na watoto wamejazana nyuma. Akasema tena: Kaka, kiti cha mbele kipo. Baba akajibu kwamba ana gari lake. Wote wakaligeukia Corolla. Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikachukua begi, nikapita katikati yao, nikakaa. Nikabonyeza kitasa.

Baba amesema: Shuka.

Baba mdogo ana ufunguo mkononi, hawashi. Anasema: Kaka, ni mama yake. Baba anasema hajamuuliza mtu. Celina anapiga kelele mlangoni kwamba nimelaaniwa. Watoto nyuma wameacha kula mikate.

Naandika ili nisimtazame. Amegonga kioo. Nimekishusha, upana wa vidole viwili.

Sasa ameinama. Ananong'ona, mdogo wake asisikie: Mama yako atakuuliza kuhusu gari. Utamwambiaje?

Yuko karibu sana, naona ndevu ambazo hajanyoa. Ameshika ukingo wa kioo kwa vidole vyote, na anasubiri.