Weupe wa Macho ya Mama

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko, na shemeji na watoto hawajambo? Sisi tupo, tunajikongoja. Baba anakula kidogo, na bado anajisahau anatoa viti viwili nje asubuhi. Usishangae kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mvivu wa kuandika niliyekubuhu. Nimejaribu kukupigia mara tatu, nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Shemeji alinipigia juzi. Amesema umerudisha sare yako ya uuguzi, umeapa hutamgusa mgonjwa tena, eti muuguzi aliyeshindwa kuona ugonjwa wa mama yake mzazi hana kazi wodini. Niliposikia hivyo, nikachukua kalamu.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana siku zote hunitania kwamba nalipwa kwa kuchezea kompyuta. Picha ikifika mezani kwangu, kwanza naongeza mwanga, kisha nafifisha vivuli chini ya macho. Mwisho nakuza jicho mpaka lijae kwenye skrini, nang'arisha ule weupe. Bosi wangu husema mteja haji kujiona, anakuja kujipenda. Ni nyuso arobaini kwa siku, miaka sita sasa. Mkono unakwenda wenyewe hata nikiwa napiga soga.

Mama alipoanza kulalamika uchovu, uliniagiza nimpige picha ya uso karibu na dirisha, uyaangalie macho. Nikampiga, naye akanitania nimrudishie usichana. Simu yangu ilikuwa imeishiwa bando, kwa hiyo nikaituma kutoka kwenye kompyuta ya kazini, katikati ya picha za harusi. Hata saa haikuisha ukajibu: macho meupe, ini halina neno, apumzike tu. Mama alifurahi mno. Kila tulipomsihi aende hospitali, alituambia binti yake ameshamwangalia, na yeye ndiye aliyesomea. Mimi mwenyewe niliona macho yamefifia kidogo, nikasema wewe ndiye mjuzi. Wiki tisa baadaye daktari alituuliza, kwa upole kabisa, tulikuwa tunangoja nini.

Dada, hukukosea. Macho ya Mama yalikuwa ya manjano siku ile ile. Niliyang'arisha mimi. Sikukusudia, Mungu ni shahidi wangu. Nilimpitisha Mama kwenye foleni kama mteja mwingine yeyote. Nilijua siku ya nne baada ya mazishi, nilipokuwa natafuta picha ya kuweka kwenye fremu, nikazikuta zote mbili, ya asili na niliyokutumia.

Na hilo la mkono huenda ukanisamehe. Lakini tangu siku hiyo umekuwa ukinililia kwenye simu, ukisema umemuua Mama, nami nakujibu ni mipango ya Mungu. Hapo mkono haukuhusika. Niliogopa tu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka ile ya asili, nimeichapisha bila kugusa kitu. Utaona mara moja, kama ambavyo ungeona siku ile. Baba nitamwambia Jumapili. Wewe ukiniona sifai hata salamu, sitakulaumu, ila sare kaichukue.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako, kama bado unanihesabu hivyo.