Kidude cha Baba Kililia Saa Kumi na Moja

Kwako Kaka,

Nakuomba, kabla hujaendelea, hakikisha uko peke yako. Neno lolote la humu lisikutoke kinywani, hata kwa mkeo, na barua yenyewe usiisahau kwenye mfuko wa shati linalokwenda kufuliwa. Ukifika mbele utaelewa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu.

Baada ya hilo, hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Kile kikohozi chako kimekuachia? Mimi ni mzima wa mwili. Dada anaendelea, mimba imetimiza miezi saba, ila miguu imevimba na mkunga amesema presha yake haimfurahishi. Mama ni mzima kwa namna ambayo itabidi nikueleze. Shemeji hayupo nyumbani. Tangu Jumatatu yuko mahabusu na karakana yake imetiwa lakiri. Leo ni Alhamisi.

Najua umeshaanza kukunja uso. Nianzie mwanzo.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumamosi, Dada aliniomba nimwage vitu vya kabati la marehemu baba ili apate pa kuweka nguo za mtoto. Chini kabisa, ndani ya soksi, nikakikuta kile kipima mionzi alichokuwa akienda nacho darasani, kile tulichokiita Panzi kwa ule mlio wake. Utakumbuka alivyotukalisha sakafuni tuhesabu milio kwa dakika nzima, na wewe ulikuwa unadanganya. Daftari lake lilikuwemo pia. Kila ukurasa ameandika idadi ileile ya sebuleni kwetu: 18, 20, 19, 20. Nikatia betri mpya nikakiwasha, kwa kumkumbuka tu. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Hakikulia kama panzi, Kaka. Kililia kama mafuta yanayochemka. Nilihesabu 310.

Unanijua, sikupiga kelele. Nilisema moyoni kidude kimezeeka. Nikabadilisha betri, nikasugua vishikizo vya betri kwa kifutio cha penseli, nikakisogeza mbali na redio, nikakifunga kwenye mfuko wa plastiki nikidhani unyevu umekiingia. Bado zaidi ya 300. Jumatatu nikaenda nacho kazini, masjala, nikakiweka katikati ya mafaili wakati wenzangu wamekwenda kula. Kilihesabu 19. Nikarudi nyumbani mbio saa saba mchana huohuo, sebuleni kikahesabu 20. Jioni, 280. Nikajua kidude ni kizima. Kuna kitu kilikuwa kinaingia nyumbani kwetu kila jioni.

Nikaanza kupima na kuandika, si bure mliniita Daftari. Nilipima vigae, saruji ya kibarazani, kopo la chumvi, saa ya baba yenye mishale inayong'aa gizani, ambayo ilipandisha hesabu kidogo ukiigusisha, basi. Nilichora ramani ya nyumba na kuandika namba kwenye kila ukuta. Dada alinicheka mpaka akashika tumbo. Alisema yeye ndiye mjamzito lakini anayeona mauzauza ni mimi, na akaniuliza kama kuta zina homa na zimeandikiwa dawa gani. Shemeji naye aliponiona na kidude aliinua mikono juu kama anayepekuliwa, akasema nimpime kifuani, kikinyamaza basi hampendi dada yangu. Nilimpima. Hakikunyamaza. Alicheka sana. Mimi sikuweza.

Maana kwenye ramani yangu, namba kubwa zilikuwa kwenye ukuta wa korido, palipo na msumari anapotundika ovaroli yake. Halafu kulikuwa na pikapu. Siku ya tano nilitoka kuwapokea, yeye na mama, wakitoka mjini. Mama alikuwa ndiyo kwanza anashuka nyuma na kapu lake la vitambaa. Nikasogeza kidude kwenye bodi la pikapu kikavuka 900. Na wiki iliyotangulia Shemeji alikuwa amenunua vyuma chakavu vya jengo lililobomolewa. Kazini kwetu uliwahi kupita waraka, niliusajili mwenyewe, unaoeleza jinsi kipande cha chuma kidogo kama kifungo kinavyoweza kumaliza familia bila mtu kusikia maumivu siku ya kwanza. Nilimwangalia Dada amekaa pale sebuleni anafuma kofia ya mtoto, nikakumbuka mimba mbili zilizotangulia, na jinsi zilivyoishia.

Niliacha kulala vizuri.

Wakaguzi wa mionzi walikuja Jumatatu hii saa nne asubuhi, na vyombo vyao vizuri kuliko cha baba. Walipima karakana, pikapu, nyumba. Hawakupata kitu. Ungedhani wangeaga na kuondoka. Lakini walikuwa wameletewa karatasi yenye jedwali, siku, saa, mahali, namba, imepigiwa mistari kwa rula, na mkubwa wao akasema mtu aliyeandika hivi hakubuni. Kwa hiyo, akasema, kama kitu kilikuwepo na sasa hakipo, kuna aliyekihamisha. Wakamuuliza Shemeji amekipeleka wapi. Aliwajibu kwa mzaha, unamjua, akasema labda kimekwenda kumtafuta mke. Walimchukua na ovaroli yake.

Dada ana hakika mchongezi ni yule muuza vyuma wa ng'ambo ya barabara ambaye humnyang'anya Shemeji wateja. Juzi alikwenda kusimama getini kwake, na tumbo lile, akamwambia mbele ya watu kwamba mtoto huyu akizaliwa baba yake yuko ndani, atamleta amlee yeye. Yule mzee alikuwa anaapa huku machozi yanamlengalenga. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika Dada mkono asianguke.

Sasa sikiliza, Kaka. Jumanne hiyo jioni, Shemeji hayupo, pikapu imezuiwa, ovaroli haipo kwenye msumari, nilikiwasha tena kwa woga tu. Sebuleni 72. Nikakaa chini. Nikatazama Jumamosi zangu tatu: 310, 160, 85. Ukiondoa zile ishirini za siku zote, kila wiki inabaki nusu au pungufu kidogo. Chuma cha kuogopwa kama kile cha kwenye waraka hakichoki haraka hivyo. Nikafungua daftari la baba, na kwa mwandiko wake mzuri ameeleza vitu vinavyopungua nusu kwa siku chache, na pembeni, kwa penseli, ameongeza: vingi ni dawa za hospitali.

Ukuta wa korido wenye msumari, Kaka, ndio ukuta wa chumba cha uani. Chumba cha uani ndicho alichohamia mama mwezi huu, akisema sebuleni kuna joto. Ni mama ambaye hali nasi mezani tena. Ni mama aliyekataa kiti cha mbele cha pikapu akapanda nyuma na mavyuma, hata Shemeji akaumia, ingawa alimtetea kwa Dada kwamba mama mkwe anapenda upepo. Kila jioni walirudi pamoja. Nilipima kuta, viatu, chumvi na kifua cha Shemeji. Kwa mama sikupita. Nani anamwelekezea mama yake kidude?

Jana nilimfuata kibandani kwake mjini, akiwa kwenye cherehani. Kabla sijamaliza swali aliniambia nirudi nyuma hatua tatu. Kisha akasema. Tezi ya shingo ilikuwa imemharibikia, ndiyo maana ya ile mikono kutetemeka na kukonda tulikodhani ni uzee. Zile siku mbili alizosema anakwenda kumuuguza rafiki yake alikuwa hospitali. Wamempa kidonge kimoja chenye mionzi cha kuituliza tezi, na kadi inayosema akae mbali na watoto na wajawazito kwa wiki kadhaa. Alisema angemwambiaje Dada, ambaye mimba mbili zimetoka, kwamba mama yake ana kitu mwilini cha kumwogopa? Aliona heri adhaniwe ana kiburi. Daktari amemwambia anapona, na kwamba kwa umbali aliouweka hakuna aliyedhurika. Aliniomba nimfichie mpaka mtoto azaliwe, nami nikaapa.

Nilipokwisha kuapa ndipo nilipomwambia lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Ile karatasi yenye jedwali niliiandika mimi. Sikutia jina. Niliitumbukiza kwenye sanduku la wakaguzi Jumapili ya pili tangu nianze kupima, jioni, nikarudi nyumbani nikala chakula na Shemeji, akanikatia kipande kikubwa kwa kuwa nilikuwa nimepungua.

Mama hakunipiga wala hakulia. Alizima cherehani. Akasema mtoto wa watu yuko ndani kwa ajili yetu sisi wawili, na hakuna kiapo hapo. Akatoa kadi kwenye kapu. Akaniuliza kama kidude ninacho, nikasema kipo mkobani. Akavua mtandio, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akasema, "Nipime." Nilinyoosha mkono. Kililia, Kaka. Nilihesabu dakika nzima kama baba alivyotufundisha, mama ananitazama, na nilipoandika 540 mikono yake, ile iliyokuwa ikitetemeka, ilikuwa imetulia magotini.

Kesho saa mbili tunakwenda kwa wakaguzi. Mama atakaa mbele ya chombo chao na kadi yake. Mimi nitaandika jina langu chini ya lile jedwali. Naogopa kazi yangu, namwogopa Shemeji, lakini ninayemwogopa kuliko wote ni Dada na presha yake. Nimeamua kumwambia mwenyewe, Shemeji akishakaa pembeni yake na si kabla. Kisha nitavuka barabara kwa yule mzee. Hadi hapo usimdokeze Dada. Ukiweza kuja, njoo, anakusikiliza wewe kuliko sote.

Nisalimie wote kimoyomoyo, na watoto uwabusu bila kuwaambia ni salamu za nani.

Usinipigie nyumbani, simu anapokea Dada. Piga masjala kati ya saa nne na saa tano, uulizie faili la pensheni la baba, nitajua ni wewe. Wakikwambia sipo tena kazini, njoo moja kwa moja kibandani kwa mama. Utanikuta ng'ambo ya cherehani, hatua tatu kutoka alipo, maana kadi inataka hivyo hadi mwisho wa mwezi. Ita tu kwa sauti ya kawaida, nitasikia.

Mdogo wako,
Daftari