Lundo Lililonuka Uani

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, mama. Huku Baleni sote wazima, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike. Umeniuliza kama ulitupe lundo lako la mboji kwa kuwa linanuka.

Hifadhi ya bahari ilipokataza nyavu za juya, zile za kukokota alizovulia babu yako, aligeukia bustani. Kwenye mchanga wetu kila mche ulinyauka, naye akawa hasemi na mtu. Akarundika majani na mavi ya mbuzi uani. Mvua ikalilowesha lundo, majirani wakalalamikia harufu. Nilishika koleo nilitupe, mama mkwe wangu akanizuia, akazamisha mkono ndani.

"Lina joto," akasema. "Humo mna vijidudu vinafanya kazi, vimekosa hewa tu. Ligeuzeni, mtie majani makavu."

Tukawa tunaligeuza kila Ijumaa, mimi na babu yako. Harufu ikaisha, na baada ya miezi tukapata udongo mweusi, laini. Tulipochuma mchicha wa kwanza, babu yako alimpelekea fungu kila jirani aliyelalamika. Alirudi jioni akizungumza, na hakunyamaza mpaka chakula kikapoa.

Nakuombea kila sala.

Bibi yako