Tarumbeta Nililomchagulia Binti Yako

Dada yangu Akinyi, mama Adhiambo,

Huko uliko najua barua hazifiki, lakini nakuandikia hivyo hivyo, kwa sababu jambo lililonipata ni wewe peke yako uliyejua mwanzo wake. Nimekaa mlangoni hapa kwetu mtaani Lindi, kalamu mkononi, na mkono wangu unaujua: huu ndio uliowahi kushika waya wa stima, na waya ndio uliopigwa shoti.

Unakumbuka ile siku bendi ya kanisa ilipita hapa, mpiga tarumbeta mmoja akakimbilia choo cha ploti yetu ya kupanga na kuniambia nimshikie? Nilimshikia dakika mbili hivi. Wasichana walipotokea nikaliweka mdomoni, nikajaza mashavu, nikafumba macho. Sikupuliza hata pumzi moja. Wewe ulikuwa unafua, ukaona kila kitu, ukacheka mpaka ukakalia karai la maji. Ukaniambia, "Umeshika dakika mbili, kesho utasema umepiga miaka miwili."

Ulikosea. Nilisema saba.

Saba ikawa kumi. Nikasema nilipiga kwenye harusi ya mwenye ploti mmoja Kawangware, mabati yakang'oka misumari, na ng'ombe aliyengojea kisu akalala chini mwenyewe kwa utamu. Watu walifurahi. Wewe ulikuwa unasikia, na hata siku moja hukunivua nguo mbele yao. Adhiambo akikuuliza kama ni kweli, ulimwambia, "Muulize anko wako, yeye ndiye alikuwepo," halafu unaniangalia kwa lile jicho.

Sasa dada, tangu tukupeleke nyumbani tukakulaza karibu na kaburi la mama, Adhiambo anakaa na mimi. Alinyamaza miezi mingi. Ni ndiyo na hapana, basi. Kitu cha kwanza alichokitaka kwa mdomo wake mwenyewe kilikuwa tarumbeta. Kanisa la hapo mtaa wa Sarang'ombe linafundisha watoto, lakini lina matarumbeta mawili tu, na mwalimu akasema anayeweza aje na lake, hata la mitumba. Binti yako akaja mbio, macho yanawaka: "Anko, si wewe ni mnoma, bingwa wa hizi vitu? Twende unichagulie!"

Ungetaka nimwambie nini, na macho yale?

Tulienda Kawangware kwa Mama Njeri, anayeuza vyombo vya muziki vilivyotumika, pamoja na pasi na redio. Alikuwa na mawili ya bei tuliyoiweza. Moja lilikuwa limefifia, na shingo yake ilikuwa imebonyea, lakini Adhiambo alipogusa vile vibonyezo vitatu vya juu vilishuka na kupanda laini kabisa. "Hii iko poa, anko." La pili liling'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Mama Njeri akaniambia, "Fundi, si upige yote mawili tusikie?"

Hapo ndipo nilipomuuza mtoto wako. Nilikohoa, nikamwambia, "Mama, mpigaji wa kweli hapulizi chombo ambacho bado si chake. Ni kukosa heshima." Nikaligonga lile linalong'aa kwa ukucha, nikaweka sikio, nikatikisa kichwa kama daktari. "Hili."

"Haya," Mama Njeri akasema, "wenye kujua wamesema."

Adhiambo akaliweka chini lile lingine polepole. Aliniamini mimi kuliko vidole vyake mwenyewe.

Nyumbani, kibonyezo cha katikati kilishuka kikakataa kurudi. Unakivuta kwa kucha kinapanda, ukibonyeza kinalala tena. Nikasema ni baridi tu. Nikakipaka mafuta ya kujipaka, yale mazito ya watoto wadogo, na cha tatu nacho kikaanza kukwama. Nikamwambia chombo kizuri humkataa mgeni mpaka kimzoee. Wiki mbili amelipuliza, midomo imevimba, sauti inatoka lakini haiendi anakotaka. Majirani wanauliza kama tunafuga bata. Na alikataa kumpelekea mwalimu alione. Alisema hawezi kwenda huko kama hajui kitu, ataniaibisha. Mimi! Aniaibishe mimi!

Jana alilifunga kwenye mfuko, akasema bila kunitazama, "Nitawaambia nimeacha, anko. Wenzangu wanapiga. Labda mimi ndio sina pumzi." Halafu akaingia kwenye kile kimya cha zamani. Nilikijua mara moja, kama mtu anavyojua malaria yake.

Leo asubuhi aliporudi na maji nikamwambia, "Adhiambo, pumzi unayo. Hilo tarumbeta ndilo bovu."

"Lakini ulisema ni nzuri."

"Sikujua. Mimi sijawahi kupiga tarumbeta."

Akatua mtungi. "Hata ile ya harusi?"

"Hata ile."

"Na ng'ombe?"

"Hakukuwa na ng'ombe."

Nilidhani atalia, au atanicheka. Aliingia ndani akavuta pazia. Ndiyo maana niko hapa mlangoni na kalamu. Siogopi kuitwa mwongo, hilo jina Lindi nzima walinipa zamani na linanikaa vizuri. Ninachoogopa ni kwamba nimemfundisha mtoto wako kutojiamini, na sasa nimemnyima hata wa kumwamini. Wewe ungejua la kusema. Mimi maneno ninayo mengi, na hakuna hata moja linalofaa kupita kwenye hilo pazia.

Ngoja.

Ametoka. Amevaa viatu, mfuko uko begani. Macho mekundu.

"Twende Kawangware. Labda ile ingine bado iko."

Nimeruka, nimeanza kumweleza namna nitakavyomwingia Mama Njeri, kwamba yule mama ananiheshimu sana, kwamba nikimtazama tu atabadilisha bila maneno. Ameniinulia mkono.

"Anko. Leo usiseme kitu. Nitapiga zote mwenyewe, nisikie. Na wewe ukae pale mlangoni."

Sijui kama lile lililofifia bado lipo. Sijui kama Mama Njeri atalipokea hili letu, na mafuta yote niliyolijaza. Naweza kufika huko nikamwona akirudi mikono mitupu. Lakini ameniamuru, dada, kwa sauti ya juu, jirani amegeuka.

Ananiita njiani. Pumzika, Akinyi. Mimi naenda kunyamaza, kazi ambayo sijawahi kuifanya.

Ndugu yako,
anko wa Adhiambo