Maneno Ambayo Mzee Hakuyasema

Zahanati, Kajiado

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana. Goti lako linasemaje siku hizi? Na mama, amekubali kupumzika au bado anashindana na magugu peke yake? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mwezi uliopita nilipitia Kitengela kwa dada Nafula. Kwenye redio wabunge walikuwa wakizozana juu ya bajeti: serikali inataka kununua ndege za kivita, tena zilizokwishatumika kwingine, kwa mabilioni. Mmoja anasema nchi bila ulinzi ni nyumba bila mlango, mwingine anauliza hospitali zitakula nini. Nilirudi hapa nimefura kama andazi. Wiki hiyo hiyo mama mmoja aliletwa kwangu kwa punda akiwa na uchungu. Alijifungulia njiani, na mtoto hakupona.

Basi mheshimiwa mbunge wetu akaja barazani. Anayewasemea watu hapa ni Mzee Lemayian. Kiswahili kwake hakipandi, kwa hivyo mimi humtafsiria. Miaka kumi na moja ya kuuguza watu hapa imenifundisha Kimaasai. Mzee alisimama na rungu lake, akasema kwa upole, maana kwao mgeni haaibishwi: "Tumesikia mnanunua ndege. Ni sawa, boma lazima liwe na mkuki. Lakini mtukumbuke pia na gari moja la wagonjwa."

Baba, wewe umetafsiri mahubiri kanisani tangu nikiwa mtoto, na ulinifunza kwamba mkalimani hana maneno yake. Mimi nikasema: "Mzee anauliza, hizo ndege zenu kuukuu ndizo zitakuja kuzalisha mama zetu?"

Vijana walicheka wakapiga makofi. Mheshimiwa alifunga daftari akaondoka, hata chai hakunywa. Gari tuliloomba, tumesikia wamepewa watu wa tarafa nyingine. Na wazee wa rika la Mzee, ambao hawakuwepo siku hiyo, waliletewa habari, wakamwita wakamkaripia kwamba amemtukana mgeni. Siku hizi barazani anakaa nyuma, mwingine ndiye anayesema. Mimi nikanyamaza wiki mbili nzima, kwa woga tu.

Jana nilienda kwake nikakiri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema. "Binti yangu amesoma, na alikuwa barazani. Aliniambia siku hiyo hiyo."

"Mbona hukuwaambia wazee?"

"Wangekufukuza. Na daktari tuko na wewe mmoja tu."

Nikamwambia nitasimama mwenyewe barazani niseme ukweli. Akakataa kabisa. "Huyo binti ako na mimba ya miezi nane. Ukienda, nani atamzalisha?"

Nililia mbele yake, Baba, mtu mzima mimi. Afadhali angenitukana.

Nisalimie mama, kaka mkubwa na mkewe, na shangazi aliyenilea. Lakini barua hii usiwasomee.

Ni mimi binti yako, mwenye majuto,
Nekesa